Mabaki ya ukataji miti: ulizeni tani hiyo imepimwaje

Kwa Mhariri,

Kila magazeti yanapoandika juu ya nishati mimea, hesabu ya mabaki ya ukataji miti hutajwa kwa namna ileile: magogo yamechukuliwa, matawi na vilele vimebaki vinaoza, na kila tani ya mabaki hayo ingeweza kutoa lita nyingi za ethanoli. Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua tueleze kwa nini hesabu hiyo humpotosha msomaji. Kemia yake haina kasoro. Mti hugeuka sukari, na sukari yake huchachuka. Kasoro imo katika neno tani.

Chukueni shehena ya tani 10 za matawi ya msonobari yaliyokatwakatwa vibanzi, kama ilivyosomwa kwenye mizani ya lori. Asilimia 45 ya uzito huo ni maji, na kama miti imekatwa karibuni maji hufika asilimia 50 au zaidi. Zimebaki tani 5.5 kavu. Humo, magome, majani na udongo vikichukua asilimia 30, mbao tupu ni tani 3.85. Mbao ya mti laini, yaani wa jamii ya msonobari, ina selulosi, minyororo mirefu ya sukari, karibu asilimia 43, pamoja na hemiselulosi, minyororo mifupi inayotoa sukari za manosi na galaktosi, karibu asilimia 14. Hizo ndizo sukari za kaboni 6 ambazo hamira ya kawaida huzila. Jumla ni asilimia 57, yaani tani 2.19. Minyororo hiyo inapokatwa, kila kiungo hupokea molekuli moja ya maji, kwa hiyo uzito huongezeka kwa asilimia 11 na kufika tani 2.44 za sukari. Hakuna mtambo unaoipata yote. Asilimia 75 ni kazi nzuri, nayo ni tani 1.83. Kilo moja ya sukari haiwezi kutoa zaidi ya kilo 0.511 za ethanoli, maana sehemu iliyobaki huondoka kama kaboni dioksaidi, na hamira yenye afya hufikisha asilimia 90 ya kiwango hicho. Mwisho wa yote ni tani 0.84 za ethanoli, kama lita 1,070.

Sasa fanyeni hesabu ya haraka inayopendwa: tani 10, asilimia 65 ni selulosi na hemiselulosi, zote zigeuke sukari, na sukari yote igeuke ethanoli. Jibu ni lita 4,670. Hesabu zote mbili zimeanzia kwenye lori lilelile, na ya pili imeizidi ya kwanza zaidi ya mara 4. Tena lita ya ethanoli ina karibu theluthi mbili tu ya nishati iliyomo katika lita ya petroli, hivyo lita zetu 1,070 zinashika nafasi ya lita 700 hivi za petroli. Tunachoomba ni kwamba kila takwimu ya lita kwa tani itakayochapishwa iseme kama tani ni mbichi au kavu, na kama ni ya mbao iliyomenywa au ya mabaki jinsi yalivyo, pamoja na magome yake.

Maana sukari nyingi hupotea msituni, kabla mtambo haujaona kitu. Matawi yakiburutwa chini huokota udongo na kokoto. Mchanga hula visu vya mashine ya kukata vibanzi, na hilo kila mtu huliona. Lisiloonekana ni la kikemia. Chukulieni upishi, yaani kupika vibanzi kwa asidi na joto ili mbao ifunguke, unaotumia kilo 15 za asidi ya salfuriki kwa kila tani kavu ya vibanzi. Kama udongo na magome vimeleta chokaa inayolingana na kilo 10 za kalisi kaboneti, basi kilo 9.8 za asidi zimekwisha kazi kabla joto halijapanda. Kilo 5 zilizosalia haziwezi kupika mbao. Mwendeshaji huona vibanzi vimetoka vigumu, hudhani joto lilikuwa dogo, hupandisha joto, kisha shehena inayofuata, ambayo kwa bahati ilikuwa safi, huungua. Kwa hiyo majivu ya kila shehena yapimwe kwanza: sampuli iliyokaushwa ichomwe kwa nyuzi 575 za Selsiasi hadi uzito wake usibadilike tena. Mbao safi huacha majivu chini ya asilimia 1. Ikifika asilimia 3, shehena irudi kwenye chekeche. Vumbi na vipande vinavyopita tundu la milimita 3 ndivyo vinavyobeba sehemu kubwa ya udongo na majani. Kuvitoa hupunguza uzito wa shehena lakini hakuondoi sukari ya maana.

Kuhusu majani, maslahi ya msitu na ya mtambo yanakwenda njia moja. Majani na vitawi vyembamba hushika sehemu kubwa ya naitrojeni, fosforasi na potasiamu inayohitajika na miti itakayofuata, nayo hayohayo yana sukari chache na utomvu mwingi. Marundo ya matawi yakiachwa juani hadi majani yakauke na kupukutika, rutuba hubaki ardhini na maji hupungua kwenye shehena. Lakini yaachwe yakiwa matawi mazima. Vibanzi vibichi vikilundikwa hupata joto ndani kwa ndani: bakteria na kuvu huanza kula sukari ileile tunayoitafuta, na rundo kubwa linaweza hata kuwaka lenyewe. Kausheni matawi, na vibanzi vikatwe siku chache kabla ya kupikwa.

Sasa upishi, ambao ndio moyo wa kazi yote. Vimeng'enya, yaani protini zinazokata minyororo ya sukari, vikimwagiwa mbao mbichi iliyosagwa kawaida haviambulii hata sehemu ya tano ya selulosi, kwa sababu lignini imeizingira kama saruji kwenye nondo. Wapo wanaojaribu kuishinda kwa kusaga tu. Kusaga mbao ambayo haijapikwa hadi iwe nyuzi laini hula saa za kilowati 200 hadi 600 kwa tani, na mbao hiyo ikipikwa kwanza ndipo isagwe, matumizi hushuka chini ya 100. Mpangilio huo wa kupika kwanza na kusaga baadaye ni jambo dogo kwenye mchoro wa mtambo, ila huamua kama mtambo utajilipia umeme wake.

Kwa mti laini, njia tunayoiona inafaa zaidi ni ya bisalfaiti, chumvi yenye salfa. Asidi peke yake huacha lignini ikiwa imeyeyuka kidogo na kugandia upya juu ya nyuzi. Bisalfaiti huibandika lignini salfonati, nayo sehemu yake huyeyuka majini na iliyobaki huacha kuwa ya kunata. Vibanzi viwe na unene wa milimita 3 hadi 6. Kwanza vipitishiwe mvuke wa kawaida kwa dakika 10 hadi 20 ili hewa itoke katika vinyweleo vyake, kisha vidumbukizwe katika mchanganyiko wenye ubaridi: mvuke uliomo ndani hugeuka maji, hufanya ombwe, na dawa hufyonzwa hadi katikati. Mchanganyiko uwe lita 3 hadi 4 kwa kilo ya mbao kavu, bisalfaiti asilimia 4 hadi 8 ya uzito wa mbao, na asidi ya salfuriki asilimia 1 hadi 2. Joto nyuzi 180, dakika 25 hadi 30. Kwa joto hilo shinikizo ndani ya chombo ni kama baa 9 juu ya lile la hewa, kwa hiyo hii si kazi ya pipa lililochomelewa uani. Chuma cha kawaida huliwa na asidi hiyo. Panahitajika chuma kisichoshika kutu chenye molibdeni, na hata hicho hutoboka vijitundu kama kuna chumvi, mathalani magogo yaliyowahi kuelea baharini. Na asidi inapokutana na bisalfaiti hutoa gesi ya salfa dioksaidi, ambayo hudhuru mapafu. Mabomba ya kutolea mvuke yaelekezwe kwenye mnara wa kuinasa, kamwe yasifunguliwe ndani ya jengo.

Kuna kanuni ya kidole inayosaidia sana: kila nyuzi 10 zinazoongezeka ni sawa na kuongeza muda maradufu. Dakika 30 kwa nyuzi 180 ni kama dakika 15 kwa 190. Ukiirudisha nyuma, nyuzi 165 zitahitaji kama dakika 85. Wahandisi wengi huvutiwa na upande wa joto kubwa na muda mfupi kwa kuwa chombo kidogo hupitisha mzigo mwingi. Sisi tunaegemea upande wa pili. Kuharibika kwa sukari huongezeka kwa joto haraka kuliko kuiva kwa mbao, na kibanzi kinene kwenye nyuzi 200 huungua nje kabla ndani hakujapata joto.

Matokeo ya upishi husomeka mkononi. Kibanzi kilichoiva hubaki na umbo lake, rangi ya kahawia iliyokolea, lakini ukikibonyeza kati ya kidole gumba na cha shahada hufumuka nyuzinyuzi bila kuacha kiini. Kikiwa na kiini cheupe kigumu, dawa haikufika ndani, na kuongeza joto hakutasaidia. Rudini kwenye mvuke wa awali na unene wa vibanzi. Majimaji yakinukia kama lozi, sukari imeanza kugeuka fafurali, ambayo ni sumu kwa hamira.

Baada ya kusagwa, nyuzi zilizopikwa zisikaushwe kamwe. Zikikauka, vinyweleo hujifunga na havifunguki vyote hata zikilowekwa tena, na vimeng'enya hukosa mlango. Maabara nyingi huvunjwa moyo na jambo hili: sampuli imekaushwa ili itunzwe vizuri, kisha majibu yanakuja nusu ya yale yaliyotarajiwa.

Vimeng'enya vyenyewe asili yake ni kuvu, Trichoderma reesei, iliyogunduliwa wakati wa Vita Kuu ya Pili ikila mahema na nguo za pamba za wanajeshi wa Marekani katika Visiwa vya Solomon. Hufanya kazi vizuri kwa nyuzi 50, kipimo cha yuniti 10 hadi 15 za nguvu ya kimeng'enya kwa gramu ya selulosi, saa 48 hadi 72. Vitabu vingi huagiza pH, kipimo cha uchachu, ya 4.8 hadi 5.0, na agizo hilo lilitokana na majaribio ya selulosi safi. Penye lignini yenye salfonati, pandisheni hadi kati ya 5.2 na 6.0. Hapo lignini na vimeng'enya vyote huwa na chaji hasi zaidi, husukumana, na kimeng'enya kidogo zaidi hupotea kwa kunasa kwenye lignini. Mabadiliko hayo hayagharimu kitu ila chokaa kidogo, na asiyeyafanya hulazimika kununua kimeng'enya cha ziada ili kufidia kosa la pH.

Ugumu unaofuata ni unene wa uji. Kukeneka pombe iliyo chini ya asilimia 4 hula mvuke kupita kiasi, kwa hiyo uji lazima uwe mzito tangu mwanzo. Nyuzi zilizopikwa zenye selulosi asilimia 60, zikiwekwa kwa asilimia 10 ya uji na asilimia 80 ya selulosi ikavunjwa, huleta sukari asilimia 5.3 na pombe asilimia 2.4 tu. Ongezeni nyuzi hadi asilimia 18, pombe hufika asilimia 4.4. Tatizo ni kwamba kwa asilimia 18 hakuna uji wa kukorogwa. Ni kitu kama majani ya chai yaliyotumika. Mwiko wa kukorogea huchimba shimo katikati na kuzunguka humo peke yake, huku pembeni pamesimama tuli, vimeng'enya havijafika na joto ni tofauti na lile linaloonyeshwa na kipimajoto. Dawa yake ni kulisha kidogokidogo: anzeni na asilimia 8, subirini saa chache uji ulainike, ongezeni, subirini tena. Au tumieni chombo kilicholala kinachozungusha mzigo na kuuangusha kwa uzito wake, kama mashine ya kuchanganyia zege. Sukari inapoongezeka vimeng'enya hupungua kasi, kwa sababu glukosi yenyewe huvizuia. Wengine hutia hamira humohumo ili iile sukari mara inapotoka, na kukubali joto la nyuzi 35 hadi 38, ambalo ni pungufu kwa vimeng'enya na juu kidogo kwa hamira.

Sukari isipimwe kwa kipimo cha Brix. Kifaa hicho husoma jinsi mwanga unavyopinda, na lignini iliyoyeyuka, asidi na chumvi zote huupinda. Majimaji ya upishi yanaweza kuonyesha kiwango kikubwa sana wakati sukari iliyomo ni sehemu tu ya hicho. Habari za mafanikio makubwa zinaweza kuzaliwa na kosa hili. Kipimo cha kuaminika ni kutenganisha sukari moja moja kwa kromatografia, na kwa mbao yenyewe kabla ya kupikwa, kuiyeyusha kwa asidi ya salfuriki ya asilimia 72 kwa nyuzi 30 saa moja, kuizimua hadi asilimia 4, kisha kuichemsha kwa nyuzi 121 saa nyingine moja. Hapo ndipo mtu hujua alianza na sukari kiasi gani, na asilimia zake zote zinapata msingi.

Hamira huingia mwisho na hukuta sumu zilizotengenezwa na upishi: fafurali kutoka sukari za kaboni 5, ndugu yake kutoka sukari za kaboni 6, asidi ya siki iliyokuwa imeshikamana na hemiselulosi, na vipande vya lignini. Fafurali ikizidi gramu moja kwa lita, hamira huanza kuzubaa. Haifi papo hapo. Huigeuza fafurali kuwa alkoholi isiyo na makali sana, na kwa saa kadhaa haitoi pombe. Mwendeshaji asiyejua humwaga kundi zima akidhani limekufa. Wekeni hamira nyingi tangu mwanzo, gramu 2 hadi 5 kavu kwa lita, iliyozoeshwa majimaji hayo kidogokidogo, pH isishuke chini ya 5.5 kwa sababu asidi ya siki hupenya chembe za hamira kwa wingi zaidi pH inaposhuka, na ongezeni chanzo cha naitrojeni, maana mbao haina chakula hicho. pH ikianguka yenyewe huku pombe haipandi, bakteria wa asidi ya maziwa wameingia.

Sumu zikizidi, chokaa hutumika: pH hupandishwa hadi 10 kwa nyuzi 50 hadi 60 kwa nusu saa, kisha hushushwa na uchafu kuchujwa. Inafanya kazi, lakini ikipita pH 11 au ikikawia, sukari nayo huharibika. Na jasi inayozaliwa na chokaa pamoja na salfeti huganda kadiri joto linavyopanda, hivyo huenda kujipaka kwenye vichemshio na minara ya kukeneka. Heri kupika vizuri kuliko kusafisha baadaye.

Miti migumu, yaani yenye majani mapana, ina tabia nyingine. Hemiselulosi yake hutoa kwa wingi zailosi, sukari ya kaboni 5, ambayo hamira ya kawaida haiigusi, na panahitajika hamira iliyorekebishwa au hamira ya aina nyingine, Scheffersomyces stipitis. Ndiyo maana mti laini, pamoja na ubishi wote wa lignini yake, humpa zawadi anayeanza.

Hakuna hata kimoja katika haya kilicho kipya kabisa. Mwaka 1819 Henri Braconnot wa Ufaransa alipata sukari kutoka matambara ya kitani kwa asidi ya salfuriki. Katika vita vyote viwili vya dunia ethanoli ya mbao ilitengenezwa viwandani, na mitambo mingi ikafungwa amani iliporudi na mafuta ya petroli kushuka bei. Huko Sarpsborg, Norwe, kampuni ya Borregaard imekuwa ikitengeneza ethanoli kutoka majimaji ya kupikia mbao za misprusi, miti ya jamii ya msonobari, tangu 1938. Tarehe 14 Novemba 2016 ndege ya Alaska Airlines iliruka kutoka Seattle hadi Washington, D.C. kwa mafuta ambayo asilimia 20 yake yalitokana na mabaki ya misitu, kwa njia ya isobutanoli, alkoholi nyingine. Tofauti kati ya mtambo wa Norwe na ile iliyofungwa baada ya vita ni kwamba Borregaard huuza pia lignini na vanilini, kitu kinachotoa harufu ya vanila. Ethanoli haibebi gharama zote peke yake.

Kwa hiyo mwandishi akifika kwenye uzinduzi wa mtambo wa aina hii, aulizie pia lignini. Katika shehena yetu ya tani 10 ilikuwamo zaidi ya tani moja yake. Watamwambia itachomwa kuleta mvuke, na ni kweli kwamba lignini kavu hutoa kama megajuli 25 kwa kilo. Ila hutoka kwenye kichujio ikiwa na maji nusu ya uzito wake, na ile iliyoyeyuka imo ndani ya majimaji yanayopaswa kuchemshwa kwanza hadi yawe mazito, nayo ina salfa itakayotoka na moshi. Aombe aonyeshwe kikaushio, kichemshio na kinasa salfa kwenye mchoro, na aulize mvuke wa kuviendesha umehesabiwa wapi.

Ni sisi wasomaji wenu,
Wahandisi wa kemia ya mbao